Wajazaji wa Chupa ya Baba

Jumatatu, 1 Septemba 2025. Nyakisasa.

Nimegundua kosa la maisha yangu. Nimechelewa kidogo. Nina miaka hamsini na mbili na sina cha kuonyesha isipokuwa mabanda ya sungura yasiyo na sungura.

Kosa lenyewe ni kwamba siku zote nimekaa upande wa wanaotengeneza. Nilifuga sungura. Nikapanda vanila. Nikaotesha uyoga kwenye chumba cha wageni, jambo ambalo mama Aline hajanisamehe. Kumbe anayetengeneza hakumbukwi. Anayekumbukwa ni yule anayekitia kitu kwenye chupa na kuandika jina lake juu.

Haya nimeyapata kwa binti yangu Aline, aliyemaliza chuo na sasa yuko nyumbani na simu yake. Nilimwomba atafute habari za chupa ya Baba. Chupa hiyo imekaa ndani ya sanduku la bati, chini ya kitanda cha Baba, tangu enzi za kambi ya wakimbizi. Baba aliachiwa na Mskoti aliyekuwa akitandaza mabomba ya maji kambini, ambaye watu wote walimwita Bwana Maji. Baba alikuwa dereva wake. Ni wiski. Kizibo kimefunikwa nta. Hakuna aliyewahi kuionja.

Aline alisoma na kutafsiri. Kuna kisiwa huko Uskoti ambako shayiri hukaushwa kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi. Udongo huo huchimbwa kama matofali, huanikwa, kisha huwashwa kama kuni. Ndiyo maana wiski ya huko inanuka moshi na dawa ya hospitali, na wako watu wanaoipenda hivyo hivyo. Kiwanda kilichotengeneza hii ya Baba kilifungwa zamani. Mitambo iliuzwa kama vyuma chakavu. Mapipa yaliyobaki yalinunuliwa na wenye maduka, mmoja wao muuza chai na biskuti. Wakajaza chupa zao, wakabandika majina yao. Kwenye chupa ya Baba jina la muuza biskuti ni kubwa. Jina la kiwanda liko chini kabisa, dogo, kama jina la mchapaji kwenye kadi ya harusi.

Sasa hivi chupa kama hiyo inauzwa kwa bei ya kuezeka nyumba nzima bati jipya, na chenji yake ni pikipiki.

Nilikwenda kwa Baba. Nikamwamkia, nikazungumzia mvua kwanza. Halafu nikagusia chupa. Baba alisema si yake peke yake. Yeye na Bwana Maji waliahidiana kuifungua siku watakayokutana tena. Nilimwambia kwa upole kwamba Bwana Maji sasa atakuwa mzee sana, pengine hata hayupo. Baba akasema yeye mwenyewe ni mzee sana na yupo.

Jumatano, 3 Septemba. Biharamulo na kurudi.

Nimemwona Muksini. Babu yake alitoka pwani na majora ya nguo. Yeye ameacha nguo, anauza vitu vya kale: redio za mbao, sarafu za Mjerumani, saa za ukutani zisizotembea. Hajawahi kunywa pombe na hatarajii. Aliitazama picha ya chupa kwenye simu, akaikuza kwa vidole, akaisogeza, akaikuza tena. Akasema anamjua mtu Mwanza anayekusanya chupa kama hizi.

"Lebo iwepo, kizibo kiwepo, nta isiguswe," akaniambia. "Kilichomo ndani hakuna atakayekinywa."

Nikamuuliza kwa nini mtu anunue pombe asiyoinywa.

"Ndugu yangu Telesfori, watu hawanunui pombe. Wananunua miaka. Miaka haina pa kukaa, ndiyo maana wanaitia kwenye chupa."

Neno hilo nimelifikiria njia nzima. Nilimfikiria Baba pia, anavyolivuta sanduku kila mara mgeni wa heshima akija, anainua kifuniko, anaonyesha chupa, anafunika. Haihitaji chupa ile kwa kunywa. Anaihitaji kwa kuitazama. Mtu wa Mwanza naye hataki kuinywa, anataka kuimiliki. Hapa hakuna ugomvi wowote. Kinachotakiwa ni chupa mbili.

Simwibii mtu. Baba atabaki na kila alichokuwa nacho: sanduku, chupa, lebo na ahadi.

Ijumaa, 5 Septemba.

Siku ya kazi. Mgongo unauma.

Chupa tupu nimeipata kwa Shibuda, mwenye grosari jirani, ambaye alinishinda uenyekiti wa kamati ya maji na hajaacha kunionea huruma tangu siku hiyo. Umbo ni lile lile, ila kitako chake kina alama ya nyota. Aliuliza ya nini. Nikasema ya asali. Akasema angependa kuonja asali yangu. Sasa nadaiwa asali.

Lebo nilichapisha stesheneri Ngara mjini, kwa rangi, kisha nikaisugua kwa kahawa mpaka ikazeeka. Nta nilitumia ya mshumaa. Nilishangaa ilivyofanana na ile ya Uskoti.

Cha kutia ndani ni chai ya rangi. Mtu mwingine angeishia hapo. Mimi nilitaka kazi kamili. Baba ana pua nzuri na huenda akaisogeza karibu. Nikakumbuka udongo wa bondeni, ule mweusi ulio chini ya mafunjo. Nikiwa kijana nilifundishwa kuuwasha na Hategekimana, Mrundi aliyefanya kazi na Baba na Bwana Maji kambini. Alikuwa akiuita nyiramugengeri. Kuni zilipokwisha mlimani, yeye alishuka bondeni na jembe. Watu walimcheka mpaka walipoona chungu chake kinachemka.

Nilikuwa na vipande vilivyokauka tangu kiangazi kianze. Nikaviwasha nyuma ya jiko, nikatandaza majani ya chai kwenye ungo, nikauning'iniza juu ya moshi. Ni moshi mzito, mweupe, hauna haraka. Uliingia jikoni, ukaingia chumbani, ukavuka ua mpaka kwa Shibuda, wateja wakatoka nje na glasi zao kutazama nani anaungua.

Mama Aline aliuliza ninafanya nini. Nikasema najaribu dawa ya kufukuza nyuki. Akasema hatuna nyuki. Nikamwambia basi aone inavyofanya kazi.

Chai ilitoka rangi ya shaba. Niliinusa. Moshi, na nyuma yake kitu kama zahanati. Nilijivunia. Nasema kweli, sijawahi kutengeneza kitu kikatoka kama nilivyokusudia, na hiki ilibidi nikifiche.

Jumapili, 7 Septemba.

Nilisema tumbo linauma, nikabaki nyumbani wenzangu wakienda misa. Nikabadilisha chupa. Yangu ikaingia sandukuni. Ya Baba ikaingia ndani ya gunia la maharage stoo.

Baba alirudi kanisani anatembea kama kijana. Paroko amepigiwa simu. Bwana Maji yuko njiani. Atafika Jumamosi. Ni mzee, hawezi safari tena baada ya hii, na anataka kuona kama mabomba yake bado yanatoa maji.

Baba alilivuta sanduku, akatoa chupa yangu, akaipangusa kwa kitambaa cha Jumapili, akaisimamisha mezani.

Mama Aline aliniuliza kama tumbo bado. Nilimwambia sasa ndiyo limeanza.

Jumanne, 9 Septemba.

Sikupata usingizi. Njia ya heshima ilikuwa moja: kuzirudisha chupa mahali pake. Nilikuwa nimeshaamua hivyo kabisa. Kisha Muksini akapiga simu kwamba mtu wa Mwanza yuko tayari.

Nikawaza upya. Bwana Maji ni mzee. Ulimi wa mzee hauna kazi tena; mjomba wangu uzeeni alikunywa mafuta ya taa akasema uji umepoa. Na Baba hajawahi kuionja, atajuaje? Watakunywa, watafurahi, watalia kidogo. Furaha yao itakuwa ya kweli hata kama chupa si ya kweli. Nilishuka Biharamulo na gunia dogo la maharage mapajani, nimelikumbatia kama mtoto.

Muksini aliitoa chupa taratibu. Akanusa nta. Akakuna kidogo kwa kucha. Akaiinua dirishani, akaigeuza, akatazama kitako chake kwa muda mrefu.

"Telesfori. Kuna majani ya chai humu."

Nilicheka. Nikaona nimechanganya chupa, nimebeba yangu na kuacha ya Baba mezani. Moyo ulijaa aibu na shukrani kwa pamoja. Aibu kwa safari ya bure. Shukrani kwamba Mungu amenizuia bila kunigombeza. Nikamwambia Muksini nitamletea yenyewe. Akasema nisijisumbue, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sahani ya msiba.

Nilifika nyumbani nikaenda moja kwa moja mezani. Nikaipindua chupa ya pale. Kitako chake kina nyota. Ni ya Shibuda. Ni yangu.

Basi zote mbili ni chai.

Alhamisi, 11 Septemba.

Nyumba hii ina mwizi.

Kuna mtu aliyeiba wiski ya Baba kabla yangu, akajaza chai, akaziba kwa nta ya mshumaa, na akafanya vibaya kiasi cha kuacha majani. Kazi ya mtu asiyejali. Nimemtazama kila mmoja. Shibuda ana glasi lakini hana subira. Aline alikuwa bado hajazaliwa chupa ilipoletwa, ingawa hilo halimwondolei lawama zote. Nilimzunguka mama Aline kwa maswali mpaka akaweka mwiko chini.

"Baba Aline," akasema, "kama kuna kitu umepoteza, sema. Kama kuna kitu umechukua, rudisha. Mimi nakoroga ugali."

Siwezi kumwambia Baba ameibiwa bila kumwambia nilijuaje. Hili ndilo linalonikera kuhusu wizi: unamfanya mtu mwema anyamaze.

Jioni nilimkuta Baba ameketi nje anakata kucha. Ananyoa ndevu kesho. Amemwomba mama Aline ampigie pasi shati. Nilitaka kumwambia, na nilifika mpaka "Baba," naye akasema "naam," nikamuuliza kama anahitaji maji ya moto. Akasema anahitaji.

Jumamosi, 13 Septemba.

Nitaandika polepole, maana leo sijui nicheke au nifanye nini.

Bwana Maji aliletwa na gari la parokia. Alikuwa mrefu, sasa amepinda. Yeye na Baba hawakusalimiana kwa maneno. Walishikana mikono, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuachia. Kisha Bwana Maji akamuuliza, kwa Kiswahili cha pole pole lakini safi, Hategekimana yuko wapi.

Baba akasema alirudi kwao Burundi, na lori la mwisho mwisho. Tangu hapo hajasikia habari zake. Amewauliza wanaovuka mpaka. Hakuna anayemjua.

Juu ya meza kulikuwa na vikombe vitatu. Sikuwa nimevielewa mpaka wakati ule.

Baba alikwangua nta. Akavuta kizibo. Akamimina vitatu. Mimi nilisimama mlangoni nikiwa nimeshapanga maneno: kwamba joto la Nyakisasa huharibu vinywaji, kwamba sanduku la bati si pipa. Bwana Maji alinyanyua kikombe. Akanywa. Akakaa nacho mdomoni. Akameza.

"Imezeeka vizuri," akasema.

Baba akamtazama. Bwana Maji akamtazama Baba. Kisha Baba akaanza kucheka, kicheko ambacho sikukijua kama anacho, na Bwana Maji akafuata, mpaka ikabidi Aline awashike wote wawili wasidondoke.

Baba ndiye aliyesema. Siku moja kabla ya lori kuondoka, yeye na Hategekimana waliifungua chupa wakainywa mchana kutwa, wameketi juu ya mabomba. Wiski ilinuka kama wodi ya hospitali na hawakubakiza tone.

"Tuliahidiana watatu," Baba akasema. "Lakini wewe ulikuwa umeondoka na ndege. Wa ndege anaweza kurudi. Huyu wa lori sikujua."

Baada ya hapo aliijaza chai ili rafiki yake akirudi asikute chupa tupu. Na kwa kuwa chai huota ukungu, kila mwaka baada ya Krismasi anaimwaga, anaweka nyingine, anaziba kwa mshumaa uliobaki kanisani. Miaka yote hii. Sisi sote tukilala.

Bwana Maji alimshika bega. Akasema naye angeifungua, na asingengoja lori.

Hapo ningeweza kuokoka. Nilikuwa nimeanza kurudi nyuma taratibu. Lakini Baba naye akanywa, akakunja uso.

"Ila hii si chai yangu," akasema. "Yangu haina moshi."

Hakunitazama. Mama Aline ndiye aliyenitazama. Kisha Aline.

"Telesfori. Kalete yangu."

Nikaenda kwenye maharage.

Bwana Maji aliipokea chupa yake ya zamani, akaisoma lebo kwa mbali maana hakuwa na miwani. Nikafikiri sasa atatueleza thamani yake. Akasema aliinunua kwa sababu ilikuwa ya bei ya chini kuliko zote dukani. Zama zile watu wengi hawakuipenda harufu yake. Akaiweka kando. Akarudi kwenye kikombe. Akauliza huu moshi umetoka wapi.

Nilimweleza. Bonde, mafunjo, ungo. Sauti yangu ilikuwa ndogo. Akafumba macho. Akasema jiko la mama yake lilinuka hivi. Walichoma udongo wa namna hiyo alipokuwa mtoto, na alifikiri harufu hiyo hataikuta tena, maana nyumba za kwao sasa zina umeme na mama yake hayupo. Aliniomba nimwongezee.

Nikammiminia. Mzee wa watu analia nyumbani kwa baba yangu kwa chai niliyoitengeneza ili nimwibie baba yangu.

Kilibaki kikombe cha tatu. Hakuna aliyekigusa. Gari la parokia lilipopiga honi, Baba akakisogeza upande wangu.

"Kunywa wewe. Hategekimana ndiye aliyekufundisha ule moto."

Nikanywa. Ilikuwa imepoa.

Jumatatu, 15 Septemba.

Baba hajanigombeza. Ningependa anigombeze. Badala yake jana alinituma bondeni, tukaketi wawili nyuma ya jiko, tukafukiza majani ya chai kwa ajili ya kuijaza upya chupa ya zamani. Nilimuuliza ya nini sasa, Bwana Maji hawezi safari nyingine. Akasema bado yuko mmoja. Kisha akanisimulia mambo ya Hategekimana ambayo sijawahi kuyasikia: kwamba alikuwa anaogopa mbuzi, kwamba alimfundisha Bwana Maji kuhesabu kwa Kirundi, kwamba siku ile ya mabomba alimwambia Baba asiitupe chupa. Moshi ulituingia machoni, ikawa kisingizio kizuri.

Nimetafakari sana tangu hapo. Nimeona kwamba kuna vitu visivyo vya kuuzwa. Nimeona kwamba chupa ile ilijazwa na muuza biskuti, ikajazwa na Baba, na sasa nimeijaza mimi, na ni heshima kuwa kwenye orodha hiyo. Nimemwambia mama Aline kwamba mimi ni mtu mwingine. Akasema vizuri, huyo mtu mwingine apeleke asali kwa Shibuda.

Bwana Maji, aliyefikia parokiani, ameondoka asubuhi hii. Kabla ya kupanda gari alivua kofia yake akamvika Baba, kwa kumbukumbu. Ni ya sufu, ya kijivu, nzito. Baba ameitundika kwenye msumari juu ya kitanda na amekataza isiguswe. Nimeigusa kidogo tu. Ndani yake kuna kitambaa kidogo chenye jina la mshonaji, kwa herufi za dhahabu zilizofifia. Inaonekana ni ya zamani sana.

Aline ameshaipiga picha. Kesho naenda mnadani kutafuta inayofanana nayo.